Kimya cha Robo ya Tatu

"Baba, usiniombe jambo hilo tena," Twyla alisema, mikono yake ikiwa ndani ya beseni la vyombo.

"Geuka kwanza. Mimi siongei na mgongo."

Twyla akageuka. Katika nyumba ya Ledbetter, mtu akitaka kusema na Mzee Hoyt sharti amwelekee uso kwa uso. Mashine za kufuma nguo zilimla masikio tangu enzi kiwanda kilipokuwa hai, na kile kifaa cha masikioni alichopewa hospitali kazi yake ilikuwa kupiga mluzi tu. Mzee alisoma midomo kama walivyosoma wafumaji wote wa Lathem, tena aliisoma vizuri kiasi kwamba Bi Imogene, mkewe, akitaka kumsengenya ilibidi atoke nje ya nyumba.

"Nasema usiniombe tena. Si mimi ninayepanga."

"Na kitufe anabonyeza nani?"

"Mimi."

"Basi. Nusu dakika tu, mwanangu. Sikuombi mshahara wako."

Bi Imogene alikuwa mezani akimenya mayai ya kuchemsha. "Mpe baba yako nusu dakika yake," alisema bila kuinua macho. "Chuo kizima hakitakufa kwa nusu dakika. Tangu aache kusimama kule uwanjani amekuwa mgeni humu ndani. Jana aliniomba ruhusa ya kufungua friji, friji aliyoinunua yeye mwenyewe."

Mzee Hoyt hakuyaona maneno hayo, maana mkewe alikuwa ameinamia mayai. Lakini Twyla aliyasikia, na yalimchoma.

Jambo lenyewe ukimweleza mtu wa mbali atakucheka. Kwetu Lathem mpira ni mpira wa chuo, ule wa kuubeba kifuani na kupigana vikumbo, na Jumamosi za vuli hakuna mwenye akili anayepanga harusi. Zamani, katika robo ya tatu, mchezo uliposimamishwa ili televisheni ipitishe matangazo yake, mtu wa televisheni mwenye kofia nyekundu aliingia uwanjani akasimama palepale, wachezaji wakanywa maji, bendi ikavuta pumzi, na uwanja ukawa kimya. Hapo ndipo Hoyt Ledbetter aliposimama kwenye jukwaa la mashariki, mahali walipokaa watu wa kiwandani, akavua kofia, akainyanyua juu na kuuliza kwa sauti ya kushinda mashine mia: "Mnatoka wapi?" Jukwaa likajibu: "Hapa hapa." Akauliza: "Na mnaenda wapi?" Na safari hii ulijibu uwanja mzima, wanafunzi, maprofesa, wauza soda, hata polisi: "Hatuendi popote." Hakuna aliyemchagua. Alifanya mara moja, watu wakajibu, ikawa ndiyo desturi. Wageni waliokuja kucheza nasi walikuwa wakiinua vichwa na kuangalia juu, na tuliona wamenywea kabla mpira haujaanza tena.

Kisha mambo yakabadilika, na tuseme ukweli, tuliyapenda. Ilikuja skrini kubwa kuliko nyumba. Zikaja spika, vikaja vile vyumba vya vioo ambamo matajiri hula kamba wa baharini na kutazama mpira kwenye televisheni ilhali mpira uko chini ya miguu yao. Kiwanda kikafungwa, viti vya jukwaa la mashariki vikapandishwa bei, watu wa mjini wakavinunua. Wanafunzi siku hizi huja, hujipiga picha, na wakati wa mapumziko huondoka zao. Na kile kimya cha robo ya tatu kikajazwa muziki. Mara mbili Mzee Hoyt alijaribu. Alisimama na kofia yake juu, mdomo ukaenda, na wimbo ukapita juu yake kama lori. Mwaka uliofuata hakusimama tena.

Aliyekuwa akiubonyeza huo wimbo ni binti yake. Twyla alirudi nyumbani ndoa ilipovunjika, akapata kazi chuoni kwenye chumba cha sauti, juu kabisa ya uwanja, nyuma ya kioo. Ilikuwa kazi yenye bima na likizo, na kazi za namna hiyo mjini kwetu ni za kutafuta kwa tochi. Aliposimama baba yake zile mara mbili, alimwona. Alibonyeza hivyo hivyo.

"Haya, nitamuuliza Brent," akasema sasa, huku akikausha mikono. "Lakini sikuahidi kitu."

"Umeshaahidi," Mzee akasema. "Nimeona."

*

Brent Kessler, mkuu wa burudani za uwanjani, hakuwa mtu mbaya. Alitoka jiji kubwa, alivaa viatu vyeupe hata siku za tope, na alikuwa na imani moja tu maishani.

"Kimya ni adui, Twyla. Mtu akikaa kimya anakumbuka kwamba nyumbani ana kochi zuri na televisheni. Ukimpa kimya mara mbili, wiki ijayo haji."

"Ni nusu dakika."

"Baba yako ndiye yule wa kofia? Watu wamewahi kunisimulia." Alikuna kidevu. "Unajua, hii inaweza kuwa nzuri. Mzee, kofia, machozi kidogo. Tutamweka kwenye skrini. Mechi ya Stovall, robo ya tatu. Sawa?"

Twyla hakuamini masikio yake. Stovall ndio mahasimu wetu tangu babu zetu. "Sawa. Asante sana."

"Ila kimya kikianza kunuka, jaza."

"Nijaze na nini?"

"Wewe ndiye fundi. Utajua."

Alishuka ngazi akitabasamu, lakini alipofika chini tabasamu lilikuwa limeisha. Alianza kuwafikiria watu wenyewe. Alikuwa akiwatazama kila Jumamosi kwa darubini, na aliwajua: vichwa vimeinama kwenye simu, na wengine hawajui hata jina la kiwanda kilichojenga mji huu. Baba yake atasimama mbele yao, tena kwenye skrini, na kuuliza swali. Je, wasipojibu?

Siku iliyofuata alikwenda kwenye redio ya chuo, akachimba katika makabati ya kanda za zamani mpaka akaipata. Mechi ya enzi zile, robo ya tatu, kimya, kisha sauti ya baba yake akiwa kijana, na ule mngurumo wa watu. Aliusikiliza peke yake na vinyweleo vikamsimama. Akaukata uanzie pale watu wanapojibu, akausafisha, akauweka kwenye kitufe cha pembeni. Alijiambia ni tahadhari tu, kama mtu anavyobeba mwavuli. Kumbe hakuwa na shaka na baba yake hata kidogo. Ni sisi ambao hakutuamini.

*

Mchana ule wa Stovall, kwenye maegesho, Bi Imogene alifungua buti la gari na kupanga kuku wa kukaanga, yale mayai yaliyojazwa haradali, na chai baridi yenye sukari ya kuua. Mzee Hoyt hakula. Alikuwa amevaa shati alilolipiga pasi mwenyewe, na kofia ya kiwanda ilikuwa magotini.

"Kula hata paja moja," mkewe alimwambia. "Utaanguka kule juu."

"Nikila sauti inakwenda tumboni."

"Sauti yako iko tumboni siku zote, ndiyo maana tumbo halipungui."

Bi Vernelle Pickens, aliyefuma naye zamani na ambaye bado alishikilia kiti kando ya kiti chake, alicheka mpaka akakohoa. "Mwache, Imogene. Leo bwana harusi."

Langoni walikutana na aibu ndogo. Siku hizi huingii na chakula, na mkoba wako sharti uwe wa plastiki unaoonyesha kila kitu, hata dawa zako za kulainisha choo. Mlinzi, kijana mwenye fulana ya manjano, alipapasa mfuko wa koti la Mzee Hoyt na kutoa kifuko cha karanga za kuchemsha, bado za moto.

"Hizi haziingii, mzee."

"Ni karanga."

"Naona ni karanga. Tupa pale."

"Nimeingia na karanga hapa kabla baba yako hajazaliwa."

"Basi umezila za kutosha," kijana alisema, na watu kwenye foleni wakacheka. Mzee Hoyt alizitupa. Bi Imogene alitazama pembeni ili asionekane ameona.

Robo ya tatu tulikuwa nyuma kidogo, na mtu wa kofia nyekundu akaingia uwanjani. Juu kule, nyuma ya kioo, Twyla aliondoa kidole kwenye kitufe cha muziki na kukiacha kikae. Uwanja ukanyamaza. Ulikuwa ukimya ambao wengi pale hawajawahi kuusikia, na mtu wa tatu nyuma ya Bi Vernelle alimuuliza mkewe kama umeme umekatika.

Mzee Hoyt akasimama. Kamera ikampata, na uso wake ukajaa kwenye skrini, mkubwa, wenye makunyanzi. Akavua kofia. Akauliza:

"Mnatoka wapi?"

Sauti ilikuwa imechoka lakini ilifika. Twyla hakuisikia kwa masikio yake, aliipata kwenye vidude vyake vya masikioni, kwa maikrofoni iliyomwelekea baba yake peke yake, maana kioo cha chumba kile hakipitishi kitu. Akasubiri. Alitazama kwa darubini. Aliona simu zinanyanyuliwa. Aliona vichwa vinageuka huku na huku, watu wanatafuta ni nani anayeulizwa. Baba yake amesimama na kofia juu, anageuza kichwa kulia na kushoto, na mkono unatetemeka.

"Twyla," sauti ya Brent ilisema masikioni mwake. "Kinanuka."

Akabonyeza.

"Hapa hapa!" Spika zote zikapasuka kwa wakati mmoja. Walikuwa wafumaji wa zamani, wengine wao wako makaburini, wakijibu kwa vifua vyao vyote. Watu walishtuka, kisha wakapiga vigelegele, wakatazama juu kwenye skrini kuona nini kinafuata. Lakini kanda ilikuwa moja na haikumsubiri mtu. Mzee Hoyt alikuwa bado hajavuta pumzi ya swali la pili, nalo likatoka kwenye spika lenyewe, kwa sauti yake ya ujanani, nene na safi. "Na mnaenda wapi?" Kwenye skrini alionekana mzee aliyeachama, na sauti inayotoka siyo ya mdomo wake, kama filamu iliyotiwa maneno vibaya. Watu walicheka, si kwa ubaya. "Hatuendi popote!" spika zikanguruma. Mzee akafunga mdomo. Akavaa kofia, akakaa.

"Safi sana," Brent alisema. "Safi kupita kiasi."

*

Tulishinda, kwa taarifa yako. Maegeshoni watu wasiomfahamu Mzee Hoyt walikuja kumpa mkono, mmoja akamwomba apige naye picha. Alikubali kila kitu. Twyla alipofika, bado na kitambulisho cha kazi shingoni, baba yake alisimama mbele ya wote.

"Huyu hapa ndiye aliyenipa kile kimya," alisema. "Asante, mwanangu."

Watu walipiga makofi. Twyla alimkumbatia, na kwa kuwa uso wake ulikuwa begani kwa baba yake, mzee hakuweza kuuona mdomo wake. Ndiyo maana alimkumbatia kwa muda mrefu.

Usiku na kesho yake alijituliza. Alisema moyoni: ameamini, masikio yake hayajui tofauti, kuna ubaya gani? Bi Imogene alipika biskuti. Mzee alifungua friji bila kuomba ruhusa, na hilo Twyla alilishika kama ushahidi.

Baada ya ibada ya Jumapili alikuja Bi Vernelle na sahani ya keki. Mzee alikuwa amelala kitini. Bi Vernelle alimvuta Twyla mpaka barazani, akamtazama usoni, maana naye alikuwa msomaji wa midomo.

"Ile sauti ilikuwa mashine?"

"Ilikuwa mashine."

"Nilijua. Nilisikia sauti yangu mwenyewe ndani yake. Nilikuwa na meno yote siku zile." Hakutabasamu. "Ungesubiri kidogo, mwanangu."

"Hakuna aliyejibu, Bi Vernelle. Nilikuwa natazama. Walikuwa wamekodoa macho tu, na yeye anatetemeka."

"Mimi nilijibu."

"Wewe?"

"Nilijibu. Sauti yangu ni hii unayoisikia, haifiki hata jikoni, lakini nilijibu. Na yule jamaa wa ndevu aliyenunua viti vya kina Odom wa kiwandani, sijawahi kumsikia akisema neno tangu aje, naye aligeuka kunitazama, akasema 'Hapa hapa.' Halafu mkewe. Na kule chini binti mmoja wa chuo alikuwa ameshasimama, ameshafungua mdomo. Ndipo kile kitu chako kikatuangukia kichwani. Tulifunga midomo. Ungefanyaje? Unashindana na watu elfu arobaini?"

Twyla alishika nguzo ya baraza. "Sikusikia."

"Utasikiaje, uko ndani ya chupa."

"Wangekuwa wangapi, unadhani? Wangeitikia wote?"

"Sasa nani atajua?" Bi Vernelle alimkabidhi sahani. "Keki ina njugu za pecan. Mwambie mama yako asimpe Hoyt kipande kikubwa, sukari itampanda."

*

Brent alimwita Jumatatu. Alikuwa na habari njema. Duka la magodoro la barabara kuu limeipenda ile ya kofia, linataka kuidhamini kila mechi mpaka msimu uishe na ujao. Watatumia ile sauti ya zamani nzima, tangu swali la kwanza, na picha ya gazeti ya Hoyt akiwa kijana, ile yenye misuli. Jina la duka litaandikwa chini.

"Na yeye mwenyewe?" Twyla aliuliza.

"Yeye aje, akae, afurahi. Hana haja ya kujichosha. Kwa kweli yeye kama yeye, sauti haiendani na midomo, watu walicheka kidogo. Picha ni bora." Alimsukumia karatasi. "Asaini tu hapa. Na wewe nimekutaja kwa wakubwa. Wanapunguza watu mwakani, lakini wewe usiwe na wasiwasi. Maana yake, ikienda vizuri."

Twyla alimkuta baba yake gereji, akipaka grisi mashine ya kukata nyasi. Alisimama mbele yake mahali penye mwanga.

"Baba, ile ya Jumamosi."

"Ilikuwa nzuri."

"Haikuwa watu. Ilikuwa mimi. Nilipiga kanda."

Mzee aliendelea kupaka kidogo, kisha akafuta vidole kimoja kimoja. "Najua."

"Umejuaje?"

"Nimeuliza swali lile miaka na miaka. Nikiuliza nageuka kuona nani anajibu. Ndiyo raha yake, unafikiri raha ni kupiga kelele? Niligeuka. Vernelle ameachama. Yule wa ndevu ameachama. Halafu sauti ikanipiga mpaka kwenye mbavu, na wale waliokuwa wanafungua midomo wakaifunga."

Twyla alianza kulia. "Mbona ulinishukuru mbele za watu?"

"Ulitaka nikufokee mbele za watu?"

"Nilikuonea huruma, Baba. Ulikuwa unatetemeka."

"Mimi natetemeka hata nikifunga vifungo vya shati. Hukuniuliza kama nataka kuonewa huruma. Nilikuomba nusu dakika, wewe ukanipa ya kijana mmoja aliyekufa zamani." Alisema bila hasira, na Twyla aliona afadhali angemzaba kibao. Alihisi amemwibia baba yake kitu ambacho hakina duka la kukirudisha.

Alikuwa na ile karatasi mfuko wa nyuma. Alitaka kuichana. Badala yake aliitoa, akaeleza habari ya magodoro haraka haraka, akamalizia, "Kataa. Nataka ukatae."

"Nikikataa watakufanya nini?"

"Hawanifanyi kitu."

"Ukidanganya mdomo wako hubana upande wa kushoto. Tangu una miaka minne." Alinyoosha mkono. "Lete kalamu."

"Baba."

"Lete. Mama yako paa linamvujia chumbani, na mimi nibishane na duka la magodoro?" Alisaini juu ya kiti cha mashine ya nyasi, na kidole chake kikaacha grisi kwenye karatasi. Brent baadaye aliuliza lile doa ni nini.

*

Ile ya kofia ilishika moto. Mechi iliyofuata watu waliipenda, na iliyofuata tena waliingojea. Watoto walinunuliwa kofia za karatasi zenye jina la duka. Picha ya kijana mwenye misuli ilijaa skrini, sauti ikauliza, spika zikajibu, na watu wakapiga makofi. Hakuna aliyejibu kwa mdomo wake, kwa nini ajichoshe? Sisi wa zamani tulisema angalau imerudi. Tulisemezana hivyo, tukaona tumesema jambo la maana. Mzee Hoyt alikaa kwenye kiti chake akitazama uwanja.

Twyla hakulala vizuri msimu ule. Kabla ya mechi ya mwisho alimfuata baba yake mezani, akavuta kiti, akakaa akimtazama.

"Jumamosi hakuna kanda. Nitawapa kimya, na safari hii nitasubiri. Brent apige kelele mpaka akauke."

"Watakufukuza."

"Wanifukuze."

Mzee aliuchunguza mdomo wake, pande zote mbili. Ulikuwa umenyooka. "Na kama hawajibu?"

"Basi hawakujibu. Lakini wataulizwa na wewe."

Bi Imogene, aliyesimama mlangoni, akaenda kutoa pasi.

Siku yenyewe ilikuwa baridi, na uwanja ulijaa. Robo ya tatu, mtu wa kofia nyekundu akaingia. Twyla aliondoa mikono yote miwili kwenye meza ya mitambo, akaiweka mapajani, akaikalia. Uwanja ukatulia. Watu wakanyanyua nyuso kwenye skrini, simu tayari, watoto wameshavaa kofia zao za karatasi.

"Twyla, iko wapi?" Brent aliuliza masikioni.

Alitazama kwa darubini, na akamwona baba yake anashika mikono ya kiti na kuinuka. Kofia ilishatoka kichwani.

Alichokiona baada ya hapo hakukielewa, maana kioo hakipitishi sauti. Sisi tuliokuwa jirani tulisikia. Mama mmoja wa safu ya nyuma, mgeni wa siku ile, mwenye watoto wawili aliowaleta kutoka mbali, aliinama akamgusa Mzee Hoyt begani, kwa adabu kabisa.

"Baba, samahani," alisema. "Naomba ukae kidogo. Watoto wanasubiri ile ya kofia, na unawaziba."

Mzee hakumsikia, akageuka kumtazama mdomo. Mama yule akarudia polepole, kama unavyosema na wazee. Bi Vernelle alifungua kinywa amjibu, lakini Mzee Hoyt akamshika mkono. Aliwatazama wale watoto. Kisha akasema, "Samahani, mama," akakaa.

Kule juu Twyla alimwona amekaa. Alingoja ainuke tena, akangoja mpaka watu wakaanza kupiga miluzi na Brent akawa anavuta mlango wa chumba cha sauti. Akafikiri: ameshindwa, ameogopa, nimemwanika tena. Akabonyeza.

"Mnatoka wapi?" kijana wa kwenye skrini aliuliza, na spika zikamjibu, na watoto wa safu ya nyuma wakaruka kwa furaha. Watu walisimama kupiga makofi. Mzee Hoyt alitazama kushoto, akatazama kulia, akaona majirani wote wanapiga, na yeye akaiweka kofia magotini, akapiga.